Kamera Isiyomfukuza Mtu

Mwanzoni Mama Miche alidhani ni yeye mwenyewe. Mtu aliyevuka hamsini anaweza kuweka kitu hapa, kesho akakikuta kule, akailaumu dunia nzima kabla ya kujilaumu. Lakini jana jioni miche ya mipapai aliiacha upande wa jua, na asubuhi hii ilikuwa chini ya neti ya kivuli, viriba vyake vya plastiki vimeegemeana kama watoto waliolala kitanda kimoja. Alisimama na ndoo mkononi akiitazama. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya kitalu, na majani yalikuwa yakidondosha maji polepole, tone hapa, tone pale, kama mtu anayehesabu kitu kisha anasahau amefika wapi.

Kitalu kilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mteremko ulioishia kijitoni. Mama yake ndiye aliyekianzisha, kwa makopo ya rangi na masufuria yaliyotoboka. Mama alipofariki, binti huyu mdogo ndiye aliyebaki nacho, na wateja wakampa jina la Mama Miche. Jina likamkaa hadi mumewe naye akawa analitumia.

Siku zilizofuata mambo yakaendelea. Mara bomba lililokuwa likivuja limefungwa vizuri. Mara magugu yameng'olewa kwenye safu ya milimao. Halafu asubuhi moja akakuta miche ya mipera imekatwa ncha ili itoe matawi. Haikukatwa kwa mkasi, ilikatwa kwa kucha, na kila kichipukizi kilichokatwa kilikuwa kimelazwa juu ya udongo wa kiriba chake.

Mama Miche akachuchumaa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya marehemu mama. Alikuwa akisema mche usinyang'anywe kitu chake, urudishiwe, ule, ukue.

Hakumwambia mtu alichokiwaza. Angeanzaje? Lakini tangu siku ile akawa anaamka mapema na kukaa kitandani akisikiliza, na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa namna ambayo hakuijua tangu msiba. Usingizini alimwona mama akipita kati ya safu, ameinama, mgongo wake tu ndio unaoonekana, na kila alipotaka kumwita sauti iligeuka kuwa maji yanayotoka kwenye bomba.

Aliyemwamsha ndotoni ni mumewe.

Mumewe alikuwa fundi milango. Kwake yeye kila shida ya dunia ilikuwa na komeo lake, ni suala la kulipata tu. Alipogundua kwamba kuna mtu anaingia kwenye kitalu alfajiri, alikunja uso.

"Tunaibiwa," alisema.

"Tumeibiwa nini? Mwizi gani huyo anayekuja kukupangia miche?"

"Anayezoea njia. Leo anapanga miche, kesho anabeba pampu. Unamngoja abebe ndiyo umwite mwizi?"

"Labda ni mtu mwema."

"Mtu mwema anabisha hodi, mke wangu. Mimi natengeneza milango, najua."

Basi akamwita Fundi Kamera. Alikuwa binti mwembamba mwenye ngazi ndefu kuliko gari lake, na aliwaita wote wawili baba na mama. Alifungua sanduku lake kwenye meza ya barazani na kuzipanga kamera zake kama muuza viatu. Kulikuwa na ya duara, kama bakuli lililofunikwa, ambayo mtu aliye chini hawezi kujua inatazama upande gani. Nyingine ilikuwa inageuka yenyewe huku na huku, ikimfuata kila anayepita. Moja ndogo ilitumia betri na haikuhitaji waya. Na moja ilikuwa kubwa, nyeupe, ndefu kama tochi ya mlinzi, yenye taa mbili za kumulika na king'ora.

"Hii inamwona mtu, inamwashia taa, inampigia kelele," alisema Fundi Kamera. "Akija mara moja harudi."

"Hiyohiyo," alisema mume. "Na iwe juu kabisa, asiifikie."

Mama Miche alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina udongo. Angesema nini? Kwamba asimtishe mama?

Kamera nyeupe ikafungwa juu ya nguzo ya geti. Siku ya kwanza ilimwashia taa paka wa jirani, ya pili ikampigia kelele mume mwenyewe alipotoka kwenda kazini, akaruka na begi lake la randa na patasi hadi majirani wakacheka. Siku ya tatu, wakati anga linaanza kuwa na rangi ya majivu, taa ziliwaka, king'ora kikalia, na wote wawili wakatoka mbio. Geti lilikuwa wazi. Kwenye kitalu hapakuwa na mtu. Kiriba kimoja kilikuwa kimepasuka njiani, mche umelala kifudifudi, mizizi yake nje.

Walikaa barazani kutazama picha kwenye simu. Akionwa kutoka juu kule, mgeni wao alikuwa kofia. Kofia pana ya majani makavu, imeingia, imetembea kati ya safu, imesimama. Kisha mwanga mweupe ukajaa kila mahali, na kofia ikakimbia ikichechemea.

"Umeona?" alisema mume. "Kamera imefanya kazi yake."

"Imefanya," alisema Mama Miche. Aliuokota ule mche akaupanda upya, akaumwagilia, na hakula chochote asubuhi hiyo.

Hakuna aliyekuja tena. Miche ikabaki palepale alipoiacha. Bomba likavuja hadi alipolifunga mwenyewe. Na mama akaacha kuja usingizini, au alikuja akasimama mbali, ng'ambo ya kijito, akiwa amejikinga macho kwa mkono kama mtu anayemulikwa. Mume, ambaye alikuwa mtu wa makomeo lakini hakuwa mtu wa jiwe, alianza kumwona mkewe anatazama chakula bila kula, ameshika tama.

"Nini lakini?" alimwuliza siku moja mchana. "Sema tu. Hata kama ni upuuzi."

Akasema. Alimwambia habari ya vichipukizi vilivyorudishwa kwenye udongo. Alisema huku akitazama mikono yake, na alipomaliza alingoja kuchekwa.

Mume hakucheka. Alikwaruza gundi iliyokaukia kwenye kidole gumba.

"Mimi siamini maiti wanapalilia," alisema mwishowe. "Lakini naona kuna mtu uliyetaka kumwona, na mimi nikamfukuza. Mwite yule binti. Safari hii chagua wewe."

Fundi Kamera alikuja mchana wa mawingu. Safari hii hakuanza kwa kufungua sanduku. Alimwomba Mama Miche amtembeze, na wakapita polepole katikati ya safu, chini ya neti iliyougeuza mwanga kuwa wa kijani, kama wanatembea chini ya maji.

"Mama, safari ile nilipaswa kuuliza swali moja nikaliruka. Nilimsikiliza mwenye sauti kubwa." Akatabasamu kidogo. "Mnataka kumfukuza mtu, au mnataka kumwona?"

"Kumwona," alisema Mama Miche. "Nataka kumwona uso. Na asijue. La, ajue siyo shida. Asiogope."

"Basi ile nyeupe haifai. Kamera ya juu sana inaona kofia na vipara. Ukitaka uso, ishuke, ikae sawa na uso." Aliinua mkono wake usawa wa paji la uso. "Anaposimama, anasimama wapi?"

Mama Miche hakuhitaji kufikiri. "Hapa. Kwenye meza ya kupandia."

Fundi Kamera alisimama kando ya meza, akageuka, akatazama ukuta wa baraza. Halafu alitoa simu yake na kupiga picha ya mahali hapo, akaitazama, akasogea kidogo, akapiga nyingine.

"Kamera nyingi zinaona gizani kwa mwanga wao wenyewe, ambao jicho la mtu halioni. Ni nzuri, lakini hapa pana ukungu. Ule mwanga unapiga kwenye ukungu unarudi, mtaona maziwa tu. Na buibui nao wanapenda lile joto lake, wanaitandia kila siku. Hapa ningeweka ile inayoona rangi kwa mwanga kidogo. Balbu yenu hii ya baraza inawaka usiku kucha?"

"Inawaka."

"Inatosha. Lenzi pana, maana ni karibu. Ya waya, kwa sababu betri mtaisahau, nawajua. Na tuigeuze hivi, isiingie dirishani kwa jirani. Jirani naye ana maisha yake."

Akatoa sandukuni nyingine ya duara, ndogo kama kikombe kilichopinduliwa. Aliifunga chini ya dari ya baraza, pembeni ya shada la vitunguu lililoning'inizwa pale. Ilipowaka haikuonyesha taa yoyote. Kwenye simu ya Mama Miche ikatokea meza ya kupandia, udongo wake mweusi, koleo dogo, na nyuma yake safu za miche zikipotelea kwenye weupe.

"Ina spika pia," alisema Fundi Kamera. "Ukibonyeza hapa, unaongea, anakusikia."

"Nani?"

"Atakayekuwepo," alisema binti, akakunja ngazi yake.

Wakati anaondoka aliishusha na ile nyeupe nguzoni. Mume mwenyewe ndiye aliyemshikia ngazi.

Ikaanza kazi ya kungoja. Kila alfajiri Mama Miche aliamka, akajifunika shuka hadi kichwani ili mwanga wa simu usimwamshe mumewe, akawa anakitazama kitalu chake kutoka ndani ya hema lile la kitambaa. Alikuwa hajawahi kukiona hivyo, bila yeye kuwepo. Nondo alipita mbele ya lenzi, mkubwa kama ndege. Tone lilikuwa linanenepa kwenye ncha ya jani la mlimao, linanenepa, linakataa kuanguka. Upepo ulipopita, miche yote iliinamisha vichwa pamoja, kisha ikainuka, na yeye chini ya shuka akajikuta anapumua nayo. Kuna alfajiri alipitiwa na usingizi akiwa anatazama na akaendelea kukiona kitalu kilekile usingizini, hata asijue ni wapi simu iliishia na ndoto ikaanza.

Kwa hiyo alipoiona mikono, hakushtuka. Alidhani ameshalala.

Mikono miwili ilikuwa mezani. Ilikuwa ya mtu mzima, yenye mishipa, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda kwenye maji. Ilikivuta kiriba kimoja karibu, ikaupapasa mche wa mpera kutoka chini kwenda juu, ikakata ncha kwa ukucha wa kidole gumba, ikailaza ncha ile juu ya udongo. Ikavuta kingine. Ilifanya kazi hiyo bila haraka. Kofia pana ilikuwa imeinama, na Mama Miche akangoja, huku moyo wake ukigonga godoro, hadi kofia ilipoinuka.

Alikuwa dada yake.

Hawakuwa wamesemezana tangu mwaka wa msiba. Siku zile za matanga dada alisema kiwanja kiuzwe, kila mtu achukue chake, yeye hawezi kupatazama pale. Na Mama Miche, aliyekuwa na homa ya kukosa usingizi na kilio, alimwambia mbele ya watu kwamba wengine wamekuja kumzika mama na wengine wamekuja kupima kiwanja. Dada aliokota mkoba wake, akaondoka kabla chai haijamiminwa. Baadaye walisikia yuko mji wa mbali. Baadaye hata hawakusikia. Na mikono ya dada, mikono iliyofundishwa na mama yuleyule, kwenye meza moja na ya kwake, ilikuwa imemtoka kabisa akilini. Aliona wepesi kumkumbuka maiti kuliko kumkumbuka aliye hai.

Kidole chake kilibonyeza kabla hajakiamuru.

"Hiyo mipera," alisema kwa sauti ya chini, sauti iliyokwaruza kwa usingizi, "usiikate sana."

Barazani sauti ilitoka kwenye kile kikombe kidogo, nzito kidogo, ya zamani kidogo. Dada aligeuka. Hakukimbia. Alitazama juu, kisha kushoto kwake, kisha kwenye ukungu, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto.

"Mama?" alisema.

Mama Miche alikuwa ameishika simu kwa mikono yote miwili.

"Mama, ni mimi," alisema dada kwenye simu. "Nimekuja kuangalia tu. Siharibu kitu."

Mume akaamka akamkuta mkewe hayupo, shuka imeburutwa hadi sebuleni. Mama Miche alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na yuko barazani, peku, nywele zimesimama, simu bado mkononi.

Walitazamana juu ya meza ya kupandia.

"Ni mimi niliyesema," alisema Mama Miche. "Kwenye kamera. Ni mimi."

Dada aliweka kiriba chini taratibu sana. "Umekuwa na sauti yake," alisema. "Hukuwa nayo zamani." Halafu akajaribu kujifanya jasiri, kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni. "Lile taa lenu la kule getini mmelitoa? Siku ile lilivyoniwakia nilidhani jua limeanguka. Nimeumia goti."

"Tumelitoa."

"Afadhali. Lingeua mtu."

Ukungu ulikuwa unapita kati yao kama mtu wa tatu anayetafuta pa kukaa. Mama Miche aliona sare ya bluu chini ya sweta la dada yake, ya wafuaji wa hospitali, na akaelewa ile mikono iliyokunjamana.

"Umerudi lini?"

"Kitambo kidogo. Nimepanga chumba ng'ambo ya kijito. Zamu yangu inaanza mapema, napita hapa njiani." Aliangalia chini. "Dirishani kwangu naiona neti yako. Siku ya kwanza nilisema nitapita tu nje. Nikaona bomba linavuja. Bomba likivuja mtu anapitaje?"

"Ungebisha hodi."

"Ningebisha ningesemaje?" Sauti yake ilipanda, ikakatika. "Uliniambia nilikuja kupima kiwanja. Mbele ya watu. Mimi nilitaka kuuza kwa sababu kila nikigeuka nilimwona ameinama. Pale. Na pale. Nilikuwa karibu kuwa mwehu."

Mama Miche alitaka kusema mengi. Alikuwa ameyapanga kwa miaka, mengine ya kujitetea, mengine ya kuuma. Yote yalikuwepo, yamepanga foleni kooni, na hakuna hata moja lililotaka kutangulia. Akavuta kigoda akakisogeza kwa mguu upande wa dada.

"Kaa, goti lipumzike," alisema. "Nilikusema vibaya, dada. Nakaa na maneno yale mpaka leo."

Dada alikaa. Alivua kofia akaiweka mapajani, na nywele zake zilikuwa zimeingia mvi nyingi kuliko za mama alipofariki. Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Chai yako bado unaiweka sukari mpaka kijiko kisimame?" na mdogo wake akacheka huku anafuta pua kwa mgongo wa mkono wenye simu.

Mlangoni alikuwa amesimama mume, fulana imegeuzwa nje ndani. Aliwatazama, akamtambua shemeji yake, akajikuna kichwa. "Karibu, shemeji," alisema. "Kwa hiyo mwizi ni wewe." Na akarudi ndani kuweka maji jikoni kabla mtu yeyote hajamjibu.

Siwezi kusema mambo yalinyooka siku ile. Suala la kiwanja bado lipo, na wakiligusa sauti zinabadilika. Kuna wiki nzima dada hakuja kwa sababu walibishana kuhusu samadi, iwe ya kuku au ya ng'ombe, ingawa wote walijua haikuwa samadi, na Mama Miche aliitazama simu kila alfajiri akiona nondo tu. Kisha siku moja kofia ikatokea, ikaenda moja kwa moja kwenye meza, ikatazama juu kwenye lenzi, ikasema, "Ya ng'ombe basi. Kichwa ngumu wewe."

Siku zake za mapumziko anakuja mchana, kwa getini, hodi tatu za nguvu ambazo fundi milango anazipenda. Mara moja aliomba aonyeshwe picha zake za zamani, za alfajiri zile alipodhani yuko peke yake. Mama Miche akampa simu. Dada alizitazama kwa muda mrefu, ameisogeza karibu na macho, huku midomo inacheza.

"Nimezeeka," alisema.

"Tumezeeka."

"Mbona natembea kama niko usingizini?"

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Mteja akaingia wakati huohuo, mwanamume mwenye haraka, ufunguo wa gari unamning'inia kidoleni. Alikuwa anatafuta milimao ya kupanda kuzunguka nyumba mpya. Aliwatazama wanawake wawili wenye udongo hadi viwikoni.

"Samahani. Mama Miche ni yupi kati yenu?"

"Ni huyu," alisema dada upesi, akirudi nyuma. "Mimi nasaidia tu."

Mama Miche alikuwa ameshika toroli, anaelekea kwenye safu ya mipapai, na hakusimama.

"Ya milimao mwulize yeye," alimwambia mteja. "Mimi siijui vizuri kama yeye."